Mstari Nilioukata

Mwaka juzi nilijinunulia daftari, nikajiapia kwamba shilingi yangu haitapotea tena bila mimi kujua imeenda wapi. Nilikuwa nimechoka. Mshahara wa kupanga maua ulikuwa ukiingia mwisho wa mwezi, na kufika tarehe kumi tayari ninaomba unga kwa jirani wa mlango wa pili, hapa Karagita, Naivasha. Basi nikaketi kitandani nikaandika: kodi, chakula, gesi, mchango wa chama, sadaka, pesa za kumtumia mama, kwenda nyumbani, akiba.

Akiba ilikuwa ya tangi. Mama yangu kule Dundori alikuwa bado anabeba maji ya mto mgongoni, mtungi wa lita ishirini, na magoti yalishaanza kumsumbua. Nilitaka awekewe tangi kubwa na gata ya kukinga maji ya mvua kwenye mabati, awe anafungua mfereji pale pale mlangoni. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka, na nililitaka vibaya sana.

Mshahara ukagoma kutosha. Nikapitia daftari tena, nikakuta kitu kimoja kinachokula kuliko vyote: kwenda nyumbani. Nauli yenyewe si kitu. Lakini kwetu, mtu anayefanya kazi Naivasha hafiki nyumbani mikono ikining'inia. Anabeba sukari, majani ya chai, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, mkate wa watoto, leso ya mke wa kaka, na kitu cha shangazi, ambaye hutokea kabla hujakalia kiti. Mama mwenyewe hangesema lolote kama ningekuja mikono mitupu. Ni mimi ningekufa kwa aibu. Nikachukua kalamu nyekundu nikaukata mstari ule, na nikajiona mjanja kweli.

Nilishikilia bajeti hiyo kama mtu aliyeokoka jana. Wenzangu kazini wakaanza kuniuliza nafanyaje, nami nikawafundisha kwa madaha. Kila Jumapili baada ya kanisa nilimpigia mama simu.

"Utakuja lini?"

"Mwezi ujao, mama."

"Haya. Nitakuwekea viazi."

Krismasi ikapita. Pasaka ikapita. Tangi nilitaka liwe la kumshtukiza, kwa hivyo sikumwambia kwa nini siji. Ikafika wakati akaacha kuniuliza nitakuja lini, na Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilidhani amenielewa. Mazungumzo yetu yakawa mafupi, ng'ombe wako sawa, mvua imenyesha, haya kwaheri.

Kaka yangu ndiye aliyenipigia siku moja katikati ya wiki. "Mathe siku hizi anasahau sana," akasema juu ya mama yetu. "Juzi alimaliza kukamua, akarudi kukamua tena. Kuja umuone."

"Ni uzee," nikamwambia. "Nimebakisha miezi mitatu nimalize ya tangi. Nitakuja nalo."

"Tangi itangoja," akasema. Nilimkasirikia. Nikamwambia yeye anaishi hapo boma moja na mama, na hajawahi kumnunulia hata ndoo. Ile miezi mitatu nikaimaliza kama nilivyopanga, bila kukosa hata mmoja.

Tangi lilipelekwa Ijumaa, fundi akafunga gata, na Jumapili nikaenda. Nilibeba kila kitu, mpaka vidole vikawa vyeupe kwa kamba za mifuko. Mama alikuwa ameketi nje juani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Akanyanyuka, akanipa mikono yote miwili, kama anavyosalimu watu wa kanisa.

"Karibu, mgeni," akasema. Akapangusa stuli kwa rinda lake, akanisogezea.

Mke wa kaka akaja mbio. "Mathe, si huyu ni msichana wako?" Mama akanitazama, akatabasamu kwa heshima, kisha akamwambia alete chai kwa kikombe kizuri. Kikaletwa kile cha maua, ambacho mimi na kaka hatukuruhusiwa kukigusa tulipokuwa watoto. Nilikishika mpaka chai ikapoa.

Nikamwonyesha tangi. Akasema ni zuri, mwenyewe ni nani? Nikasema ni lako. Akacheka kidogo, akarudi kwa maharagwe yake. Nikaketi karibu naye, nikaanza kuchambua pia, kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Tulikaa hivyo mpaka ungo ukawa nusu.

"Wewe umetoka wapi?" akaniuliza.

"Naivasha."

Akaacha kuchambua. "Huko niko na msichana. Anafanya kwa maua. Pengine unamjua."

Nikasema namjua.

"Alinikasirikia," akasema, polepole, kama mtu anayemwambia mgeni jambo la nyumba na hataki lisikike mbali. "Pesa anatuma, lakini kuja hataki. Nimefikiria sana nilimkosea nini, na sioni. Yeye huwa anawaambia?"

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Hukumkosea kitu," nikamwambia. "Hata kidogo. Yeye ndiye alikosea."

Mama akanitazama kwa huruma, akaniwekea mkono gotini.

"Usimseme vibaya," akasema. "Ni mtoto mzuri."