Siku Niliyozima Feni

Mwaka kambi zilipofungwa na wakimbizi wengi wakarudishwa kwao, fundi mmoja Mzungu aliniachia kompyuta, ile ndogo ya kukunja ambayo siku hizi kila mwanafunzi anaibeba mgongoni. Ofisi yetu pale Kayanga, wilayani Karagwe, ilikuwa na kazi moja tu: kuwatafutia wazazi watoto waliopotea wakati watu walipovuka mto Kagera kwa maelfu wakikimbia mauaji ya ng'ambo. Habari za kila mtoto tuliziandika kwenye kadi, kisha nikazichapa moja moja ndani ya mashine. Nilipomaliza, fundi alizichoma kadi zote nyuma ya ofisi. Alisema orodha ya watu waliokimbia ikiangukia mikono mibaya watatafutwa kwa panga. Sikumbishia, maana alikuwa akisema kweli.

Basi kila tulichokijua juu ya watoto wale kikabaki mahali pamoja, na mlinzi wake nikawa mimi, mpiga chapa wa kidato cha nne. Disketi mbili za akiba ziliota ukungu wakati wa mvua za masika. Niliandika barua kuomba nyingine, nikajibiwa kwamba zinakuja. Ukitaka kuzeeka upesi, subiri kitu kinachokuja Karagwe.

Mashine yenyewe haikuendeshwa na mfumo wa kununua. Fundi aliiwekea mfumo wa bure, uliotungwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Haukuwa na vipicha vya kubonyeza. Skrini ilikuwa nyeusi, maandishi meupe; unaandika amri, inatii au inakukaripia kwa Kiingereza. Aliniachia na kitabu kinene cha maelekezo, nikakisoma kwa kamusi mpaka kurasa zikalegea. Nakiri kwamba kilinivimbisha kichwa. Wenzangu waliokuwa wakiniita mama taipu walianza kuniita injinia, wakicheka, nami nikaitika bila kucheka.

Nyumbani kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, chupa ya chai ina chake, hata saa ya mezani ilivikwa. Nami nikaifumia kompyuta kitambaa cheupe cha uzi wa pamba, chenye maua mekundu pembeni, nikawa naifunika kila nilipoiacha, vumbi jekundu la kiangazi lisiiingie. Mara nyingine niliifunika ikiwa bado inafanya kazi. Wageni walikisifia sana kile kitambaa.

Kiangazi kile feni yake ikaanza kupiga kelele. Mwanzoni ilikoroma, halafu ikawa inasaga kama mashine ya kukoboa kahawa iliyomeza jiwe. Mtu mwingine angechukua bisibisi. Mimi nilikuwa injinia, nikafungua kitabu.

Kitabu kilisema feni hukimbia pale mashine inapofanya kazi nyingi, kwa hiyo uangalie orodha ya kazi zinazoendelea ndani. Nikaangalia. Nikaikuta kazi moja imeng'ang'ana kutuma karatasi kwa printa ambayo utepe wake ulishakauka na yenyewe iko kabatini. Nikaiua ile kazi kwa amri, na feni ikatulia siku mbili. Niliwasimulia wote ofisini, pamoja na mlinzi wa geti ambaye hakuwa ameuliza. Siku ya tatu kelele zikarudi. Nikatafuta tena, nikakuta kazi nyingine inayojianzisha yenyewe kila asubuhi kupanga mafaili, nikaisogeza hadi saa za jioni. Kelele zikapungua kidogo, zikarudi. Nikabadilisha hiki, nikabadilisha kile, kila badiliko nikiliandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Hakuna ukurasa hata mmoja wa daftari lile ulioandikwa kwamba nimeigeuza mashine na kuchungulia kwa macho yangu.

Mwishowe, kwenye karatasi za nyongeza, nikapata programu ndogo iliyotungwa kwa ajili ya aina ile ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuwasha na kuzima feni. Maelezo yalionya: izime dakika chache tu, na uiguse mashine kwa mkono mara kwa mara. Nilipoandika amri ile mara ya kwanza, chumba kilinyamaza nikasikia kuku wa jirani. Tangu hapo nikawa naitumia mkuu wangu anapoendesha sala chumba cha pili. Sala ikiisha, naiwasha.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akitoka Bugomora, kwenye shamba la watu alikofanya kibarua cha kupalilia migomba. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto, mjane, wa umri wa mama yangu mdogo. Alishakuja mara nne kumtafuta binti yake, na mara zote nilitafuta jina nikalikosa. Lakini watoto wengi wadogo hawakuyajua majina yao kamili. Kwenye kadi tuliandika kovu, nguo, na neno lolote walilolisema. Ndipo nikamwambia aje siku moja asubuhi na mapema, anipe kila alama anayoikumbuka, na mashine izilinganishe na kurasa zote, mtoto mmoja baada ya mwingine. Kwa mashine ile ilikuwa kazi ya asubuhi nzima.

Alifika akiwa ameoga na kuvaa kitenge cha kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo nimemwambia Mungu asinirudishe hivi hivi."

Alinipa alama: binti wa miaka sita, kovu la uji wa moto kwenye kiwiko cha kushoto, gauni la njano lililoshonwa kwa pazia. Alipenda kuitwa kwa jina la ndama wao. Nikaziandika, nikaamuru utafutaji uanze. Feni ikapaza sauti.

Nilimwomba anieleze na jinsi walivyopotezana, labda kuna alama tumeisahau. Kwetu habari ya namna hiyo haisemwi kwa sauti. Msemaji huinamisha kichwa na kuteremsha sauti, na msikilizaji huacha alichokishika. Nyumbani mtu akija na habari ya msiba, baba huzima redio kabla mgeni hajakaa. Yule mama akaanza kusema polepole akiangalia magoti yake, na mimi sikusikia kitu.

"Unasemaje, mama?"

Akarudia. Feni ilisaga juu ya maneno yake. Nikasogeza kiti.

"Samahani mama, sijasikia. Ulimfanyaje?"

Akainua uso na kusema kwa nguvu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde: "Nilimwachia mkono! Nilikuwa na mdogo wake mgongoni, maji yamefika kifuani, nikamwachia mkono!"

Watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi la korido waligeuka wote. Mkono wake ulipanda ukaziba mdomo. Sijawahi kuona aibu kama ile, na aibu ilikuwa yangu, mimi niliyemlazimisha mzazi kupiga kelele ya jambo ambalo hata padri pengine hakuwa amelisikia.

Nikaandika ile amri, feni ikanyamaza. Utafutaji uliendelea ndani kwa ndani. Na kwa kuwa kuikodolea macho skrini mbele ya mtu anayelia ni utovu wa adabu, nikakiteremsha kifuniko nusu, nikatandaza kitambaa juu, nikageuza kiti nikamtazama yeye.

Alisema yote. Alisema jinsi matete yalivyokuwa marefu, jinsi alivyovuka na kumweka mdogo chini na kurudi majini, jinsi alivyoona gauni la njano likipandishwa ukingoni na watu, mbali, upande huu wa mto, likachanganyika na umati. Kwa hiyo alijua binti alivuka. Hilo ndilo lililomfanya aje mara nne kwa miguu. Mdogo alikufa kambini kwa kuhara. Aliongea na kunyamaza, kunyamaza na kuongea, na mimi sikumkatiza hata mara moja. Dakika chache za maonyo nilizijua. Nilizikumbuka kabisa, zikapita, nikaona vibaya kunyoosha mkono.

Alipomaliza alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sasa itazame, mwanangu. Imesema nini?"

Nilipofunua kitambaa nilikutana na joto usoni, na harufu ya plastiki iliyoungua. Skrini ilikuwa nyeusi. Nikabonyeza, nikaandika, nikazima na kuwasha. Ndani kulitoka mlio mdogo, tik, tik, kisha kimya. Yeye alikuwa amekaa upande wa pili wa meza na hakuona ninachokiona. Aliniangalia mimi tu.

Ningeweza kumwambia imeharibika. Neno lilikuwa pale mdomoni. Ila hapo ningelazimika kumwambia na nani ameiharibu, na kwa nini, na kwamba sababu ni hadithi yake. Nikamwambia, "Haikumpata, mama."

"Imetazama wote?"

"Wote."

Kisha akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Imana iguhe umugisha," akasema, akinibariki kwa lugha ya kwao. "Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivi."

Nilijipa moyo kwamba nitaitengeneza mashine, nitatazama, na nikimkuta binti nitakimbia Bugomora mwenyewe. Nikapanda basi Omurushaka nikiwa nimeipakata hadi Bukoba, kwa fundi wa redio aliyesifika kwa kompyuta. Aliifungua kwa bisibisi ndogo. Kwa koleo akavuta kutoka kwenye feni kitu kilichozunguka mhimili wake mara nyingi: uzi mweupe wa pamba, umekamatana na vumbi, na ndani yake nyuzi mbili tatu nyekundu.

"Dada, hapa hapakuwa na ugonjwa wa programu," alisema. "Ungeitoa kwa vidole."

Kuhusu majina alitikisa kichwa. Diski ya ndani, iliyotunza kila kitu, ilikuwa imeiva kwa joto na kukwama, na alichojaribu siku ile na ya pili yake hakikutoa herufi hata moja.

Nilirudi Kayanga nikamweleza mkuu wangu ukweli wote. Hakunifokea. Alikaa na kuniuliza kadi ziko wapi, ingawa alijua, maana tuliziangalia pamoja zikiungua. Akaniambia niende nikamwambie na yule mama, kwa kuwa mtu akidanganywa juu ya mtoto wake amedhulumiwa mara mbili. Ilinichukua siku tisa kupata ujasiri. Ya kumi nikapanda gari la kwenda Bugomora, maneno nimeyapanga kama wimbo wa shule.

Nilikuta majani makavu yametandazwa uani kama msibani, na watu wamekaa. Wanawake wenzake wa kibarua walikuwa wakipika ebitoke, ndizi mbichi za kwetu, na maharage. Yule mama alikuwa amenyoa kichwa. Aliponiona alisimama, akaja kunipokea, akawaambia watu, "Ndiye huyu. Ndiye aliyeitazama orodha yote kwa ajili yangu." Wakanipisha mahali pa mbele, karibu na shimo la kaburi.

Kwa kuwa hapakuwa na mwili, walizika shina la mgomba lililofungwa kwa shuka, kama wanavyofanyiwa wasiorudi. Walichagua mgomba mwembamba, wakaukata kwa kimo cha mtoto wa miaka sita. Mwalimu wa dini alisoma sala. Yule mama alilipokea shina mikononi, akaliteremsha mwenyewe shimoni, na kabla hajaliachia akaninong'oneza kwamba sasa ataweza kulala.

Nilichota udongo nikatupia, nikala chakula cha msiba sahani nzima, nikapanda gari nikarudi na maneno yangu yote niliyoyapanga. Yule binti kama yu hai ni mwanamke mzima leo, na mama yake aliacha kumtafuta kwa sababu yangu.