Sauti ya Dalali Salumu

Mwaija alikuwa fundi wa kompyuta, ila wa aina ambayo Bagamoyo haikuihitaji sana. Watu wa mji walitaka mtu wa kuwaondolea virusi, kuwachapia barua na kuwaambia kwa nini printa imegoma. Yeye mapenzi yake yalikuwa kwenye zile amri fupifupi za Unix, zinazoandikwa kwa herufi chache kwenye kioo cheusi. Kila amri inajua kazi moja tu, na ukizifunga pamoja zinafanya kazi ya ofisi nzima. Alizifahamu chuoni Dar es Salaam, akarudi nazo mtaa wa Dunda, humo humo Bagamoyo, kwenye nyumba ya mumewe, na kilichomlisha miaka yote hiyo ni kuzihamishia amri hizo ndani ya Windows, maana wateja wake wote walikuwa na Windows na hawakutaka kusikia habari ya kitu kingine.

Kazi yenyewe ni ya kukondesha. Unix na Windows wanaishi kama wake wenza waliogawiwa jiko moja. Huyu anatenganisha majina ya folda kwa mkwaju, kile kistari cha mshazari, ulioegemea kulia, mwenzake anataka ulioegemea kushoto. Huyu akimaliza mstari anaweka alama moja isiyoonekana, mwenzake anaweka mbili. Ukishawapatanisha hao, anakuja programu ya kuzuia virusi, anaiona amri yako mpya haina jina wala ukoo, anaifuta bila hata kukuuliza. Mwaija aliyazoea yote hayo. Alikuwa akiyalaani asubuhi na kuyatatua mchana, akijisifu peke yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu mtaani wa kumsifu.

Mumewe, Salumu, alikuwa dalali wa samaki pale sokoni, na dalali mtaji wake ni koo. Huyu bwana alikuwa na sauti nzito yenye utani ndani yake. Alinadi jodari mpaka mtu aliyekuja kununua dagaa akaondoka na jodari, akafika nyumbani akagombana na mkewe. "Nani zaidi? Nani zaidi?" Sauti hiyo ilisikika mpaka barabarani. Nyumbani pia hakunyamaza. Aliimba akioga, akabishana na redio, akamwita mkewe kutoka chumba kimoja hadi kingine kwa jambo ambalo lingeweza kungoja.

Kisha koo likaanza kukwaruza, na mkwaruzo haukuondoka. Daktari wa Dar es Salaam hakuwazungusha. Alisema ni saratani, ndani kabisa kwenye kisanduku cha sauti, na dawa yake ni kukitoa chote. Salumu angepona, inshallah, angepumua kwa tundu la shingoni, ila kusema ndiyo basi. Akawapa wiki chache za kujitayarisha.

Usiniulize walirudije Bagamoyo siku ile. Ila walipofika, Mwaija alishapiga moyo konde na kichwa chake kilishaanza kazi. Atatengeneza amri moja ndogo, ataiita "sema". Salumu ataandika neno kwenye kompyuta, na kompyuta italitamka kwa sauti ya Salumu mwenyewe, iliyorekodiwa kabla ya kisu. Maneno yakiwa mengi ya kutosha, mtu anaweza kuishi nayo.

Tatizo la kwanza lilikuwa Salumu. Kompyuta yake ilikuwa ya Windows, kuukuu, na aliipenda.

"Mama Lulu, hii usiiguse," alisema kwa ile sauti iliyobaki. "Filamu zangu zimo, taarabu zangu zimo. Hiyo Unix yako kaa nayo huko huko."

"Siiondoi Windows, Baba Lulu. Namwingiza mgeni tu. Mwenyeji anabaki palepale."

"Mgeni akianza kuhamisha vitanda, namtoa."

Basi wakaanza. Kila asubuhi Mwaija alikaa na laptopu yake, akachagua maneno ya siku hiyo, akayarekodi kwa sauti yake mwenyewe ili yamwongoze mumewe, ambaye kusoma kwenye kioo kulimchosha macho. Akayapeleka kwenye kompyuta ya Salumu kwa waya. Mchana Salumu alikaa mbele ya maikrofoni, akalisikiliza neno kwa sauti ya mkewe, akalisema yeye, na faili lile lile likarekodiwa upya juu ya la mkewe. Jioni Mwaija aliunganisha tena waya na kuendesha amri nyingine aliyoiandika, "sawazisha". Hii ilikuwa na kanuni moja: inatazama faili la huku na la kule, lililo jipya linabaki, la zamani linafutwa, ili mashine zote mbili ziwe na kitu kimoja. Baada ya hapo akaweka nakala ya akiba.

Walirekodi maneno ya nyumbani: naumwa hapa, chai haina sukari, funga dirisha. Walirekodi dua, salamu, majina ya ndugu na majina ya samaki. Salumu aling'ang'ania utani wake uwemo. "Nitakaaje na watu bila kuwachokoza?" alisema. Siku nyingine koo lilimuuma hadi machozi yakamtoka, akanywa maji ya uvuguvugu, akaendelea. Hakutaka kurudia kusikiliza kazi ya jana. Alisema anasikika kama mzee anayegombana na mbuzi, na Mwaija hakumlazimisha, wala yeye mwenyewe hakuisikiliza. Amri ya "sawazisha" aliijaribu mara nyingi kwenye laptopu yake, kati ya folda mbili, ikafanya kazi bila kosa. Akaihangaikia mikwaju, akazihangaikia alama zisizoonekana, akaificha isionwe na programu ya virusi. Alikuwa na hakika nayo kama mtu alivyo na hakika na mlango wa nyumba yake.

Salumu alikatwa, akapona, akarudi. Kumkaribisha, Mwaija alimjazia kompyuta filamu mpya mpaka nafasi ikakaribia kwisha. Alirudi amekonda, shingo imefungwa kitambaa cheupe, na nyumba ikawa na ukimya ambao Mwaija hakuujua kwa miaka yote ya ndoa. Akasubiri mumewe apate nguvu kidogo. Siku Mwanvita, dada mkubwa wa Salumu, alipokuja kumjulia hali, akaona ndiyo siku yenyewe.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Haya, mgonjwa wetu yuko wapi?"

Mgonjwa alikuwa tayari ameketi mbele ya kompyuta, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, macho yanacheka. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, akabonyeza.

"Karibu dada," ikasema kompyuta.

Ilikuwa sauti ya Mwaija.

Mwanvita akacheka, akadhani ni mzaha wa watu wawili. Salumu akamtazama mkewe, akaandika neno jingine, sauti ya Mwaija ikalisema. Akaandika jina la samaki. Akaandika dua. Akaandika "nani zaidi", na mke mpole akasikika kwenye spika akinadi samaki kwa aibu. Mwanvita aliacha kucheka. Salumu aliendelea kubonyeza, neno baada ya neno, kila mara akiinamisha sikio karibu na spika, mpaka Mwaija akamshika mkono akamwambia, "Subiri, Baba Lulu, kuna kitu kimekaa vibaya. Nitakirekebisha."

Aliamini anachosema. Mtu aliyezoea kuhangaika na mashine huwa na imani ya ajabu, hudhani kila kilichoharibika kimejificha mahali tu. Alianza na mikwaju, akidhani amri imesoma folda isiyo yake. Haikuwa hivyo. Akafuata alama zisizoonekana, labda majina yamepishana. Yalikuwa sawa. Akaishuku programu ya virusi, akazifungua kumbukumbu zake, na mara hii mshenzi yule hakuwa na hatia. Akafungua nakala za akiba, akazisikiliza moja baada ya nyingine. Mwaija, Mwaija, Mwaija. Akiba iliwekwa kila jioni baada ya kusawazisha, kwa hiyo ilihifadhi kosa kwa uaminifu mkubwa.

Ndipo akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu mwanzo. Mchana mmoja alirekodi kikohozi chake kwenye laptopu, akangoja kidogo, akarekodi kingine juu ya faili lile lile kwenye kompyuta ya Salumu, akaendesha "sawazisha" mbele ya macho yake. Amri ikakifuta kikohozi kipya, ikakiweka cha zamani. Akarudia, ikawa vile vile. Akaagiza mashine zote mbili zimwonyeshe saa ya kila faili. Laptopu ilisema kumi na tano. Kompyuta ya Salumu ilisema tisa.

Akatazama pembeni ya kioo, kwenye saa ya kompyuta: tisa na dakika zake. Akatazama saa ya ukutani, mshale mfupi umelala kwenye tisa. Msikitini walikuwa wanajiandaa kuadhini alasiri. Ilikuwa saa tisa mchana, kila mtu Bagamoyo angekuambia hivyo.

Na hapo akaelewa: kwa mashine, saa tisa mchana ni kumi na tano. Salumu alizitega saa zake zote kwa hesabu ya nyumbani, kama baba yake alivyofanya: jua likichomoza mshale unaelekea moja, si saba. Ya ukutani hivyo, ya mkononi hivyo. Akaiona ya kompyuta inasema mambo ya kizungu, akairekebisha. Kompyuta haikuwa na intaneti ya kuibishia, kwa sababu Mwaija mwenyewe aliikata akiogopa virusi. Kwa hiyo kila alichorekodi Salumu saa nane mchana kiliandikwa kuwa cha nane, ambayo kwa mashine ni asubuhi, na kila alichorekodi Mwaija saa nne asubuhi kiliandikwa kwenye laptopu kuwa cha kumi. Kwa hesabu za mashine, mke ndiye aliyesema mwisho. Kila jioni, kwa mkono wake, Mwaija aliunganisha waya na kumfuta mumewe.

Kilichomuumiza kuliko vyote ni kwamba alikuwa ameitazama saa ile kila siku. Kila siku alisoma nane, na kweli ilikuwa saa nane. Mtu mwingine, mgeni, angeona mara moja. Jicho lake la nyumbani halikuona kosa lolote, kwa kuwa kwa nyumba ile halikuwa kosa.

Alijaribu kufukua. Faili lililofutwa huacha mabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na Mwaija alijua zana za kuyatafuta. Alizileta zote ndani ya Windows, nyingine akazitengeneza upya kwa sababu zilikataa. Alikesha nazo, akala akiwa nazo. Lakini pale penye mabaki alikuta filamu, zile zile alizomjazia mumewe kwa furaha. Alichoambulia ni kipande kimoja: pumzi, mkwaruzo, kisha "nani za", basi, halafu mlio kama wa bati. Akakisikiliza mpaka kikapoteza maana. Aliuliza ndugu wote kama wana ujumbe wa sauti kwenye simu. Mwanvita alikuwa nao mmoja, wa siku za nyuma, Salumu akiuliza katikati ya upepo kama umeme umerudi. Wengine walikuwa wameshafuta, kama watu wanavyofuta.

Wakati wote huo Salumu hakuuliza. Kila Mwaija alipoinuka kwenye mashine, alimkuta mlangoni anamtazama, amenyanyua nyusi. Naye Mwaija akawa anatikisa kichwa: bado. Ile "bado" ilimla. Alijua kuwa mtu yule alikubali kukatwa shingo kwa sababu mkewe alimwahidi kuwa atasema tena.

Siku aliyokata tamaa, alimfuata uani, alipokuwa ameketi kwenye jamvi na kompyuta mapajani, akitazama filamu bila kuifuata. Njia nzima kutoka chumbani alikuwa anabishana na nafsi yake kama amweleze habari ya saa. Lakini kumwambia mgonjwa kuwa mkono wake mwenyewe, uliogusa saa kidogo tu, ndio uliomfuta? Angeishi nalo vipi, na hana hata mdomo wa kulilalamikia? Mwaija alikwishaamua. Saa ya kompyuta aliiacha kama ilivyo.

"Baba Lulu," alisema, akaketi karibu yake. "Zimepotea. Zote. Hakuna ya kurudi."

Salumu akasimamisha filamu.

"Ni ile programu yangu. Niliikosea kuiandika. Ni mimi, hakuna mwingine. Nilikuwa najiona fundi." Akalia waziwazi, bila kujifunika uso. "Nimekuua mara ya pili, mume wangu."

Pumzi ya Salumu ilisikika ikiingia na kutoka kwenye tundu la shingo. Akaifunga filamu, akafungua kile kioo cheusi. Akatafuta herufi moja moja kwa kidole. Mwaija alifikiri anamuuliza ilikuwaje, akaanza kutunga uongo.

Salumu akabonyeza.

"Nimekusamehe," ikasema kompyuta.

Ilikuwa sauti ya Mwaija, ya asubuhi fulani yenye haraka, inachekacheka mwishoni kwa sababu aliona ajabu kulirekodi neno lile bila kukosewa na mtu. Salumu akatikisa kichwa, kwamba hapana, si hivyo, si kwa sauti hiyo. Akaweka kiganja kifuani pake, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akarudi kwenye kibodi, akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na Mwaija akajisikia akijisamehe mwenyewe kwa mara ya pili.