Baba Mkwe Getini

Kwa miaka mingi niliitwa kocha msaidizi. Makocha wakuu walikuja na kuondoka, wote wanaume, kila mmoja na filimbi yake mpya shingoni, na kila mmoja nilimwambia kwamba uwanja wetu ukinyeshewa unateleza upande wa goli la juu, asiwakimbize wasichana huko. Walitikisa kichwa, wakawakimbiza, wasichana wakaanguka. Baada ya hapo tulielewana.

Chuo kilikuwa cha wasichana, cha kilimo na maarifa ya nyumbani, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Siku hizi hakipo. Uwanja wa mpira wa kikapu ulikuwa wa saruji iliyopasuka, kando kabisa ya geti, na magoli yalipigiliwa kwenye nguzo za mkaratusi. Jezi tulizinunua mnadani, kwa kuwa ndiyo miaka mitumba iliporuhusiwa, na kila mchezaji alivaa kifuani jina la timu ya nchi asiyoijua. Mimi nilizipenda jezi zile kuliko nilivyowapenda baadhi ya makocha.

Kocha mkuu wa mwisho aliacha kazi akaenda mpakani kuuza vitenge. Simlaumu, wakati ule kila mtu mchangamfu alikuwa anatafuta cha kuuza. Mkuu wa chuo, mtu wa mkoa mwingine, mwenye haraka siku zote, akaniita ofisini.

"Mwalimu, shika timu. Mashindano ya kanda mwaka huu yako hapa kwetu. Ukichukua kombe napendekeza jina lako uwe kocha mkuu. Ukishindwa, wataniletea mtu."

Nilimjua huyo mtu. Angekuja na filimbi mpya.

Siku hizohizo baba mkwe wangu akaajiriwa kuwa mlinzi wa getini. Alikuwa dereva wa trekta wa shirika moja la umma mpaka nywele zikawa nyeupe, shirika likavunjwa, naye akarudi nyumbani kwake Kinyala akawa anakaa sebuleni anatazama mvua. Alikuwa anakonda. Kazi ya getini ilimrudishia uso, mume wangu akafurahi, nami nikafurahi. Kisha nikakumbuka uwanja ulipo.

Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia migombani, unajifunika mpaka apite. Husemi naye, na jina lake hulitamki. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa msharika mzuri wa kanisa, nilivaa suruali ya michezo, na bado nilikuwa mke wa watu. Wanaodhani mambo hayo huachwa ukishapata cheti hawajaolewa kwetu.

Wiki ya kwanza niliruka mtaroni mara nyingi hadi wachezaji wakadhani naumwa. Nilipowaeleza, wale wa kutoka mbali walicheka hadi wakakaa chini. Nikakasirika, nikawakimbiza kuzunguka uwanja mpaka kicheko kikaisha. Lakini kesho yake, mzee alipotokeza, mchezaji wetu mrefu, binti wa Dodoma, akapiga kelele, "Ukuta!" na timu nzima ikanizunguka bega kwa bega. Nilichuchumaa katikati na khanga kichwani kama kuku anayeatamia. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Timu ile ilisifika kwa ulinzi, nami nadhani waliupatia hapo.

Mzee naye alijitahidi. Kabla ya kutoka kibandani alikohoa kwa nguvu, akasubiri kidogo, ndipo akatoka akiwa amegeuzia uso barabarani. Sijawahi kusikia kikohozi chenye adabu kama kile.

Tukashinda mechi za mwanzo hivyohivyo, tukaingia fainali. Asubuhi ya fainali mkuu wa chuo akapanga kazi. Mgeni rasmi anakuja, watoto wa mtaani watajaa, kwa hiyo mlinzi atasimama ukingoni mwa uwanja awazuie. Nikaenda kuona ni ukingo gani. Ulikuwa mkabala na benchi langu, uso kwa uso.

Nikarudi ofisini. "Mkuu, naomba yule mzee abaki getini leo."

"Kwa nini? Amechoka? Kama haiwezi kazi niambie tu, mwalimu. Vijana wanaoitaka wananijazia veranda kila siku."

Ningemweleza mila, angesema tumechelewa kuendelea, halafu angempunguza mzee ili amalize tatizo. Nilimwona akilifikiria hilo palepale.

"Anaiweza, Mkuu," nikasema. "Anaiweza sana."

Kipindi cha kwanza nilikifundisha nikiwa chini ya khanga, nyuma ya migongo ya wachezaji wa akiba. Nilinong'ona, wao wakapaza sauti, na maneno yalifika uwanjani yameshaharibika. Mrefu wangu alipanda kufunga na kusahau kurudi kulinda, wapinzani wakapita hapohapo kila mara. "Madam, hatukusikii!" alinililia wakati wa mapumziko. Tulikuwa nyuma vibaya. Niliona kazi yangu inakwenda, na nilijiona mjinga, na niliichukia khanga ile.

Kipindi cha pili kilipoanza nikasikia kikohozi. Nikangoja. Kwa upenyo wa khanga niliona mabuti ya mvua yakigeuka, yakauacha ukingo, yakatoka nje ya geti. Alikwenda kusimama ng'ambo ya barabara, kwenye manyunyu, mgongo wake kwetu.

Nikasimama. Nikaitupa khanga. "Shuka! Wewe mrefu, shuka! Shuka!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na sauti ilipokauka nikapiga mikono. Watoto, walipoona hakuna mlinzi, wakamiminika ndani. Mmoja alikaa kwenye kiti cha mgeni rasmi aliyekuwa ameinuka kushangilia, mwingine akamaliza soda yake. Sikujali. Tulirudisha pointi moja moja, na filimbi ya mwisho ilipolia wasichana walinibeba juu juu, nikiwa nalia.

Mkuu wa chuo alinishika mkono mbele ya watu, akaniita kocha mkuu. Kisha akauliza mlinzi yuko wapi.

Alimfukuza kabla jua halijazama. Nilimfuata mkuu hadi mlango wa gari lake. "Mkuu, mzee aliondoka kwa ajili yangu. Ni baba mkwe wangu." Nikamweleza yote, kwa kuchelewa, bila kupumua.

"Mwalimu," akasema, "wewe umefanya kazi yako. Yeye hakufanya yake." Akafunga mlango.

Siku iliyofuata mume wangu alikwenda Kinyala kumwona baba yake. Nilibaki jikoni nikipika ndizi zikaungua. Nilijua mzee amerudi kukaa sebuleni na kutazama mvua, na kwamba sitaweza kumwambia asante wala pole, si wiki hiyo, si maisha yangu yote. Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa kwenyewe.

Mume wangu aliporudi nilimuuliza, "Amesemaje?"

"Kuhusu kazi hakusema kitu. Ameulizia mpira."

"Mpira gani?"

"Anasema alisikia kelele tu, hakuona. Anataka kujua yule mrefu, uliyekuwa unamwambia ashuke. Mwishowe alishuka?"

Nilikaa kwenye kigoda. Mume wangu hajui tofauti ya mpira wa kikapu na netiboli mpaka leo. Nilichukua viazi nikavipanga sakafuni, hawa sisi, hawa wao, huyu mrefu, nikamsimulia kipindi cha pili chote, polepole, na alipokosea nikaanza upya, mpaka akakishika. Kisha nikamrudisha Kinyala jioni ileile, na viazi mfukoni, akamsimulie baba.