Fungu la Shamba na Bei ya Duka

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali ile, kulikuwa na mfuaji ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mizani, kwa kuwa hakununua hata kitunguu bila kukipima kiganjani na kukutajia uzito wake.

Kwa hiyo mkulima mmoja alipokuja kutafuta wateja, watu walimtazama Mama Mizani kwanza. Maneno ya mkulima yalikuwa mepesi: lipa kabla ya kupanda, upate kikapu cha mboga kila Jumamosi kwa miezi minne. Mama Mizani hakukurupuka. Aliingia duka kubwa la jirani, akaandika bei ya nyanya, kabichi, karoti na mchicha, akajumlisha. Kikapu kilikuwa nafuu kuliko duka kwa theluthi nzima.

"Jamani, duka linatunyonya," aliwaambia wenzake wakati wa chakula cha mchana. "Hesabu hii hapa."

"Na mvua ikigoma?" aliuliza mpiga pasi, mama wa watoto wanne, ambaye mumewe alikuwa hajatoka kitandani tangu aanguke kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga.

"Usitutabirie mabaya, mdogo wangu."

Basi Mama Mizani akawasomea karatasi ya makubaliano, na wanawake saba wakalipa. Mpiga pasi alitoa pesa aliyoitunza kwa ajili ya kodi ya nyumba.

Wiki tano za mwanzo walikula wakasaza. Ya sita, kila kikapu kilikuja na karoti nyembamba kama vidole vya mtoto na kabichi moja iliyotoboka kama chujio. Kwa bei ya duka, vyote havikufika hata robo ya walicholipia. Ya saba hakikuja kitu.

Jumapili Mama Mizani akafunga safari hadi shambani. Alimkuta mkulima ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, midomo imempasuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mboga zetu ziko wapi?"

Mkulima alivuta kamba ya kisima. Kilichopanda ni tope, nusu kopo. "Angalia mwenyewe. Na karatasi ilisema, mama. Mwenye fungu hugawana mavuno, na hasara pia."

Sentensi ile Mama Mizani aliijua. Siku alipowasomea wenzake karatasi, aliifikia, akairuka. Alijiambia hakuna haja ya kuwatia watu hofu bure.

Jumatatu aliwaeleza yote, hata hilo la kuruka. Mmoja alimwita tapeli huku mashine zikinguruma. Mpiga pasi hakuinua macho kutoka kwenye shuka.

"Nitakurudishia kidogo kidogo, mdogo wangu."

"Mwenye nyumba hapokei kidogo kidogo."

Wala hakupokea. Mwisho wa mwezi vyombo vilitupwa nje, na mpiga pasi akaacha kazi ili airudishe familia kwa wazazi wake. Mama Mizani alifika asubuhi, akakuta wamekodi gari dogo la mizigo. Mume alikuwa amelazwa nyuma, kati ya meza na masufuria. Mama Mizani aliinama akashika ncha ya godoro.

"Liache, Mama," alisema mpiga pasi, taratibu, bila hasira. "Tutabeba wenyewe."

Akaliachia. Akasimama kando ya ukuta huku watoto wakilivuta lile godoro, likiburuzika kwenye vumbi, mpaka wakaliingiza garini.