Koti Langu la Kitini

Nawasimulia ninyi kwa sababu mke wangu ameshanicheka vya kutosha.

Kwa miaka tisa nilikuwa karani katika ofisi moja katikati ya jiji, na karani mjanja huwa na makoti mawili. Moja analivaa. La pili hukaa kwenye kiti chake, ili mkubwa akipita aamini mwenyewe yuko karibu. Langu lilikuwa la kijivu, lenye kiraka kiwikoni. Likiwa kazini, mimi nilikuwa mtaani Riruta nikianzisha duka langu la kushona sare.

Mwezi uliopita niliacha kazi, nikahamia dukani na koti langu. Jumanne baada ya chakula cha mchana usingizi ulinishika. Nikalitundika kitini kama kawaida, nikapitia mlango wa nyuma, nikaenda kulala nyumbani Mountain View. Kwamba mkubwa niliyekuwa namtoroka sasa ni mimi, sikukumbuka.

Saa tisa fundi wangu, Akinyi, alinipigia simu. "Boss, kuna mama anakungoja, anataka sare za wafanyakazi wake. Nimemwambia uko tu hapa karibu, si koti yako iko?"

Nilirudi mbio. Aliyekuwa akiningoja ni Madam Njeri, mkubwa wangu wa kule mjini. Koti alikuwa amelikunja vizuri mapajani, anapapasa kile kiraka.

"Hili nalijua," akasema polepole. "Nimelilipa mshahara miaka tisa."