Mbuzi za Mzee wa Kanisa

Mzee wa kanisa letu hapa Ngaremara ndiye anasimamia foleni ya maji kwa birika la kunyweshea mifugo. Mikono yake imepasuka kwa kuvuta mpira wa maji, na sauti yake haipandi hata watu wakisukumana. Mbuzi zake hunywa mwisho, kila siku. Juzi maji yakikaribia kuisha, bado alipitisha mbele ng'ombe za Molu, mgeni kutoka Gotu. Nikamwambia, "Mzee, zako zitakufa ukiziangalia." Akasema, "Mama, Yesu mwenyewe aliosha wanafunzi miguu. Mimi nitangulie kama nani?" Mimi sipishi mtu kwa maji, hata chifu ananijua. Siku hiyo nilitoa mbuzi zangu kwa birika kabla zishibe, nikamwambia, "Leta zako. Na usinishukuru."