Maua Yangu Hayakwenda Msibani

Kwetu Makanyagio, ukikata maua ukayafunga pamoja, mtu wa kwanza kukuona atakuuliza nani amefariki. Harusini tunapamba maua ya plastiki, yale yanayofutwa vumbi yakakodishwa tena Jumamosi inayofuata. Yanayoota ardhini tunamwekea marehemu. Mimi desturi hiyo imenichosha siku nyingi, na sioni kwa nini nilizungumzie jambo hili kwa upole.

Maua yangu yapo kando ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi kinachotosha mkeka mmoja. Nina zinia, waridi jekundu, na dalia nyeupe, kubwa kama kisahani cha chai. Viazi vya kupandia hizo dalia nilipewa na mama mmoja wa Mishamo tuliyezoeana naye sokoni kwenye maharage. Kiangazi maji yakikatika, huwa nayamwagia maji ya kuoshea vyombo.

"Wenzio wanamwagilia mchicha," majirani hunicheka.

Nami huwajibu kwamba mchicha ninao, uko nyuma ya nyumba, waende wakachume washibe, ila haya waniachie.

Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama wakulima kilipewa meza kwenye maonyesho ya wakulima huko Kabungu. Kila mmoja wetu alitakiwa kupeleka zao lake bora lishindanishwe. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, alitegemea nipeleke vitunguu. Nilipomwambia napeleka maua alicheka mpaka akajifuta machozi. Alidhani namtania, nami sikuhangaika kumsahihisha.

Siku yenyewe niliyakata alfajiri, nikayatia kwenye ndoo ya maji, nikapanda bodaboda nikiwa nimeipakata ndoo. Hatukufika mbali. Mzee aliyekuwa ameketi kibarazani alisimama akavua kofia. Mama aliyejitwisha kuni akatupisha, akainamisha kichwa kadiri mzigo ulivyomruhusu. "Poleni jamani," akasema. Hata bodaboda wenzetu walipunguza mwendo, hakuna aliyepiga honi. Dereva wangu alivumilia mpaka tukatoka mjini, kisha akasimamisha pikipiki.

"Mama, mbona hukuniambia tunaenda msibani?"

"Hatuendi msibani."

"Na hayo maua?"

"Yanaenda kushindana."

"Na nani?"

"Na nyanya."

Alinitazama kama anayefikiria kunishusha. Kisha akawasha pikipiki, tukaendelea.

Pale mezani mambo yalikuwa yale yale. Wageni waliopita walimpa mwenyekiti mkono wa pole kabla ya kutazama maboga. Mama mmoja aliuliza kwa huruma kama marehemu alikuwa mwanachama. Mwenyekiti akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, umetuletea msiba mezani. Weka ndoo chini, tuifunike na kanga."

"Haifunikwi."

"Nyie watu wa maua mna kichwa kigumu!"

Kichwa kigumu ninacho, sikatai. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: maua yangu yapimwe. Nimeyalea, nimeyatoa viwavi kwa vidole, nimeyawekea samadi niliyoibeba mwenyewe kichwani. Nilitaka jaji ayatazame kama anavyotazama kazi ya mkulima yeyote.

Jaji alikuja, kijana wa heshima mwenye buti safi. Alipima nyanya, akapima maboga, akafika kwangu akasita.

"Haya yanaliwa?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Sasa matumizi yake ni nini, mama?"

"Kutazamwa."

Akatabasamu, tabasamu lile mtu analompa mlevi asiye na madhara. "Hapa tunapima mazao," akasema, akasogea kwa jirani yangu aliyekuwa na vichwa vya alizeti.

"Na hilo si ua?" nikamuuliza.

"Hili lina mafuta."

Akaenda zake. Nilikasirika. Wenzangu walipokwenda kula, mimi nilibaki nimesimama nyuma ya ndoo yangu, nimenuna.

Jua lilipokuwa utosini, mtu wa kamati ya mapokezi alikuja mbio. Mgeni rasmi alikuwa anakaribia, na maua ya plastiki ya kumpokelea yalikuwa yamesahaulika mjini. Alipoiona ndoo yangu uso ulimng'aa.

"Mama, tuokoe. Tupe fungu moja tu."

Mwenyekiti, aliyekuwa amesharudi mezani, akapeleka mkono ndoani. Nikauweka wangu juu yake.

"Asubuhi yalikuwa ya msiba," nikasema. "Kwani mgeni rasmi naye amefariki?"

"Yesu wangu!" Mwenyekiti akaziba mdomo.

"Nitawapa," nikamwambia yule bwana, "lakini kwanza yapimwe. Mwite jaji."

"Mama, unataka kutuaibisha mbele ya mkubwa?"

"Mimi nimeanza kuaibishwa tangu barabarani. Sasa tugawane."

Alibembeleza, akatisha, akabembeleza tena. King'ora kilipoanza kusikika kwa mbali, akakimbia kumfuata jaji.

Kijana wa watu alikuja anatoka jasho. Safari hii aliinama kweli. Akageuza majani kutafuta wadudu, hakupata. Akapima urefu wa vikonyo. Alinusa waridi, halafu akalinusa tena, na hapo nilimpenda kidogo. Alipofika kwenye matumizi kalamu ikasimama.

"Andika kutazamwa," nikamwambia.

Akaandika. Nami nikatimiza ahadi yangu: nikafunga fungu zuri kwa kamba ya katani, dalia katikati na zinia pembeni. Mgeni rasmi alilipokea kwa mikono miwili akacheka, na hakumpa mtu yeyote pole.

Jioni matokeo yalisomwa kwa kipaza sauti. Nyanya za kikundi chetu zilikuwa za kwanza, alizeti ya jirani ikawa ya pili, maboga yakafuata, kisha mihogo, kisha vitunguu vya watu wengine. Orodha ikateremka mpaka nikadhani nimedanganywa. Ndipo msomaji akakohoa.

"Na wa mwisho kabisa," akasema, "maua."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti alinivuta kanga nikae chini, aibu isituenee sote. Nilijinasua nikasimama juu ya kiti, nikapunga mikono yote miwili, nikapiga vigelegele peke yangu. Walidhani sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri sana. Maua yangu yalikuwa ya mwisho katika mazao, na hilo ndilo nililolifuata Kabungu.